Siku ya kwanza bila Muhindo

Honorine, natoka ku lopitali sasa hivi, niko nalia hapa inje. Ile programu ya serikali ya kutafuta mutoto ku laboratoire, tuliyoingojea miaka mbili, kwangu imeisha siku ya kwanza.

Infirmière, muuguzi wa pale, alitueleza sisi banamuke munane: sindano siku kumi, kisha banatosha mayai ndani yetu, na siku ile ile bwana anatoa mbegu yake. Njo akaniuliza mbele ya bote: "Bwana yako iko wapi?"

Nikasema Muhindo iko Goma, vita ilimukuta kule, ku uwanja wa ndege hakuna ndeke yenye kuruka.

"Sasa mayai yako tutachanganya na nini?" Hakusema mubaya, Honorine. Aliniuliza tu.

Nikaomba baningojee. Akaangalia fishi yangu, karatasi yenye miaka yangu: mwisho wa kuingia programu ni miaka makumi ine, na mimi nitaifikisha mwezi unaokuja.

Nikapigia Muhindo simu. Akasema: "Bénédicte, achia muingine nafasi."

Nikasaini karatasi ya kuachia nafasi yangu. Mwanamuke mwenye alikuwa pembeni yangu, wa ku liste ya kungojea, njo aliipata. Alinikumbatia kwa nguvu, na mimi nikamuambia asante. Sijui asante ya nini.