Machozi ya Tuncay

Feride weee! Nimejifungia jikoni, nacheka huku nalia. Wakwe bado wako sebuleni!

Si leo ndiyo Tuncay kaja kuniposa? Kila akikaribishwa kiti: "Asante baba, nitasimama." Baba kichwa kimemvimba: "Kijana ana adabu huyu!"

Adabu gani! Ni lile jipu lake juu ya kifandugu, pale makalio yanapoanzia, nywele zimepenya ndani ya ngozi. Dereva wa lori, anakaa kutwa nzima! Daktari kamwonya asiliminye, na akipona nywele za hapo zinyolewe kila mara.

Nikaleta kahawa ya posa, ile ya kumtilia mchumba chumvi kumpima uvumilivu. Mama yake, asiyejua lolote, akamvuta kitini: "Kahawa hainywewi wima!"

Akakaa. Feride, AKAKAA. Machozi yakamlenga, akaigugumia kahawa yote.

Baba akapiga makofi: "Chumvi yote hiyo na hakukunja uso! Mwanamume huyo!"

Chumvi ipi? Nilisahau kuitia! Nilitia SUKARI!

Mama yake akachovya kidole kikombeni. "Mbona tamu?"

Tuncay akaungama yote: jipu, nywele, na mahali penyewe. Nikajua posa imekufa.

Baba akainuka, akaingia chumbani, akarudi na mto wenye tundu katikati. "Kalia huu, mwanangu. Mimi pia jipu hilo lilinipata jeshini." Halafu, unamjua, kinyozi ni kinyozi: "Na kunyolewa usihangaike. Ukishapona, njoo dukani kwangu."

Feride, nimeposwa! Ila makalio ya mume wangu, baba atayaona kabla yangu!