Mdundo Niliowafundisha Wageni

Nduruma, Jumapili

Dada Nashilu,

Shikamoo. Huku mahindi yamebeba, na ng'ombe wa mama amezaa. Mimi bado nafanya kazi ya kupiga ngoma kwenye mikutano ya hotelini. Unajua kwetu hatuna ngoma, tunaimba kwa koo tu, lakini mgeni akiona shuka tulizojifunga lubega anataka ngoma.

Ijumaa walikuwa wageni mia mbili, kila mmoja na ngoma mapajani, nyama choma inawasubiri. Philemoni, mwenye kikundi, hutaka niwaeleze maana ya kila mdundo. Mama mmoja akauliza ule wa mwisho ni wa nini. Nilikuwa nimechoka, nikajibu tunaupiga mtoto akizaliwa. Wakaupiga wote huku wakicheka, hadi glasi zikatetemeka mezani. Mimi mikono ilikataa.

Nilipofika nyumbani mke wangu Sabina aliniuliza kama wageni walifurahi. Nikamwambia walifurahi sana.

Zile nguo ulizomtumia mtoto wetu mchanga zilifika Jumatano. Tulikuwa tumemzika Jumanne. Sabina alizifua zote akazianika, na mpaka leo sijaweza kuzianua.

Mdogo wako,
Yiamat