Betri Iliyobaki ni Moja

Jumamosi, alasiri. Kiswere kumetulia, upepo umekata, joto limekaa juu ya mkonge kama blanketi. Naandika nikiwa katika kambi ya wafanyakazi.

Naogopa.

Mgeni wa mkoani hakuja. Tumemngoja tangu asubuhi, sisi wa shambani pamoja na wanakijiji waliohamishiwa hapa mwaka huu. Sasa wanasema atakuja kesho. Fundi Hamisi, mwenye vyombo vya sauti, amelazwa Lindi kwa homa. Kwa kuwa nilikuwa nikimbebea betri, nyapara Chilumba amenikabidhi kila kitu. Mimi, niliyeishia darasa la nne huko Kasulu.

Amplifaya tunazo mbili. Fundi alinieleza, nikaelewa nusu. Ya kwanza aliiita daraja A. Transista zake, vile vidude vinavyokuza sauti, hazilali. Zinavuta umeme hata kama hakuna anayesema. Sauti yake laini, haina mkwaruzo, lakini inachemka na kula betri. Ya pili ni daraja B. Humo transista zinapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, huyu akishusha mchi yule anainua. Msemaji akinyamaza nazo zinapumzika, na betri inakaa kutwa. Ila pale zinapopokezana pana pengo. Sauti kubwa inaliruka. Sauti ndogo inatumbukia humo na kutoka imechanika. Alisema Dar ziko za katikati, AB, zinazoachwa macho kidogo tu ili pengo lizibike. Sisi hatuna.

Asubuhi nilimjaribishia Bi Somoe ile ya B. Kijiji kimemchagua aseme habari ya kisima: maji yana chumvi, watoto wanaharisha, kijiji kinaomba kuunganishwa na bomba la maji la shamba. Alisema kwa chini, spika ikakwaruza, watu wakacheka.

"Mjukuu wangu, mbona chombo chako kimenigeuza kuku aliyebanwa na mlango?"

Nikamwomba apaze sauti. Akanitazama kama nimemtukana. "Mie nilifundwa. Mbele ya mkubwa sipigi kelele."

Nikaunganisha ya A. Sauti yake ikatoka yote, mpaka pumzi. Hakuna aliyecheka.

Halafu tukangoja. Chilumba alinikataza kuzima, eti gari likitokea tu, nyimbo zianze. Nilidhani mashine iliyo kimya inapumzika. Kumbe ile huungua zaidi wakati wa kimya. Adhuhuri niliigusa ikanibabua vidole, na betri imekwisha bila mtu kusema neno.

Imebaki moja. Jenereta ya kuchajia haina mafuta.

"We Muha," Chilumba ameniambia, "kesho chombo kikizima mgeni akiwa anasema, usinililie bahati mbaya. Hiyo inaitwa hujuma."

Mwezi uliopita dereva wa trekta aliambiwa neno hilo hilo. Kitanda chake kambini bado kitupu.

Nikitumia A, betri inaweza kufa mgeni akiwa katikati ya hotuba. Nikitumia B, Bi Somoe atachekwa, na watoto wataendelea kunywa chumvi. Hapa sina ndugu wa kunitetea. Ingekuwa rahisi kuunganisha B na kunyamaza. Nimeliwaza hilo tangu adhuhuri, sijidanganyi.

Nilipokuwa nakunja nyaya, Bi Somoe aliniletea muhogo wa kuchoma. Hakuitaja kesho. Aliuliza tu, "Kwenu huko, maji yapo?"

Nikamwambia yapo, ya mlimani, baridi.

"Basi umebarikiwa."

Nikamega muhogo, nikampa nusu.

Nimeamua. Mgeni, wanasema, ananguruma, B itamtosha. Bi Somoe akisimama nitahamisha nyaya niwashe A, kwa ajili yake peke yake. Nimejaribu kuzihamisha nikiwa nimefumba macho, nikaweza. Lakini kati ya kuchomoa na kuchomeka, spika zote zitakuwa kimya, na Chilumba atakuwa anautazama mkono wangu.

Mungu aushike, usitetemeke.