Ripoti Yako Juu ya Choo cha Soko

Nyakato,
Musoma.
14 Juni, 1993

Mpendwa mpwa wangu Pazi,

Assalaam aleikum. Habari za Dar es Salaam na joto la huko? Mkeo na mtoto wamepona mafua? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mke wangu Shani goti bado linamsumbua, lakini ziwani anakwenda kuteka maji mwenyewe.

Nimefukuzwa kazi, Pazi. Miaka kumi na mmoja nimetunza choo cha soko letu, na Jumatatu iliyopita kamati imeninyang'anya ufunguo. Nakuambia mapema usije ukadhani barua hii ni ya salamu tu.

Unayakumbuka yale mabakuli ya kukojolea yasiyotumia maji. Uliyaleta mwenyewe mwaka jana kwa gari la mradi wenu, na kamati ikayachagua kwa neno lako, kwa kuwa wewe ni mtoto wa hapa. Bomba letu linatoa maji mara mbili kwa wiki na ziwa tunaliona kwa macho, nani angekataa? Mimi ndiye niliyeanza kukupigia makofi.

Na kazi niliifanya. Kila asubuhi nilipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, nikaongeza yale mafuta kwenye kikombe cha chini ya bakuli ili yaelee juu ya mkojo na kuzuia harufu. Miezi mitatu watu walikula mihogo ya kukaanga karibu na mlango bila kuziba pua.

Kisha wenzetu wa msikitini wakaanza kunung'unika. Fundi cherehani mmoja aliniambia, "Sasa mzee, hapa tunatawazaga na nini? Adhuhuri naswalije na suruali hii?" Nikaweka ndoo na kopo. Kila aliyejisafisha alimwaga maji humo humo bakulini, mafuta yakasukumwa yakaenda zake, na harufu ikafika hadi kwenye meza za dagaa.

Dumu la mafuta lilipokwisha nilizunguka mji mzima. Siku hizi tunaambiwa biashara ni huria, na kweli maduka yamejaa sabuni za kila rangi na redio za kila ukubwa, lakini mafuta yale hayapo, wala vikombe vyake. Nilikuandikia mara mbili. Kimya.

Wazungu wa mradi siwalaumu. Wao kopo hawalijui. Wewe unalijua. Umelelewa nyumbani kwangu, na kutawaza nimekufundisha mimi. Tena siku ile ya mafunzo nilikuuliza mbele ya watu: na wenye kopo je? Ulicheka, ukasema, "Watazoea, mjomba." Ukapanda gari.

Sasa mwenyekiti wetu, Leodgar, amenisomea ripoti yako. Umeandika kwamba mabakuli hayana kosa lolote, ila mtunzaji alimwaga maji kinyume cha maelekezo. Mtunzaji! Hata jina langu hukuthubutu kuliandika. Nina uchungu, na sitauficha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kwamba nguo yenyewe niliifua mimi.

Kamati itakaa tena tarehe thelathini kumthibitisha mtu mwingine. Iandikie kabla ya hapo. Sema kwamba niliuliza, na sema ulivyonijibu. Sitaki shati wala sukari kutoka kwako, nataka karatasi moja yenye ukweli. Mabakuli yenyewe yangefaa kama pembeni pangejengwa mahali pa kutawazia penye mfereji wake. Nimewaambia hivyo, lakini maneno ya mtu aliyefukuzwa nani anayasikiliza.

Nisalimie mkeo, umbusu mtoto. Rafiki yako Thadeo mwambie mama yake kule Kabasa hajambo na amevuna mtama wa kutosha. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na wewe akupe moyo wa kusema kweli.

Mama yako, dada yangu Mwanaharusi, anakusalimu sana. Habari ya ripoti haijui. Nimemwambia kamati imeona nimezeeka. Alilia, kisha akaninunulia stempu ya barua hii, akanisihi nikuombe unitafutie kazi huko, maana anasema mwanawe hawezi kumtupa mjomba wake.

Wako akupendaye hata sasa,
Mjomba Jumanne