Komwe ya Sitini na Nne

Shoga, nataka kutapika. Kweli tena!

Si leo napanga michezo yetu sebuleni, karata huku, bao na komwe zake kule? Nikamwambia Bibi Tabu komwe zimetimia, sitini na nne. Akacheka mpaka machozi.

Kumbe enzi za Mwingereza, alipoolewa tu hapa Temeke, kazi yake ilikuwa kuzihesabu komwe kila bao likiisha na kuzifungia mkobani. Siku moja ikapungua moja. Mama mkwe akamwakia: "Tumeletewa mwizi!" Akapekuliwa hadi kwenye kanga. Maskini, akalia siku mbili.

Siku ya tatu baba mkwe, Mzee Mwinjuma, huyo anarudi kutoka kichakani na kopo lake la maji, anatabasamu. "Imepatikana."

IMEPATIKANA! Alikuwaga na tabia ya kutia komwe mdomoni akiwaza pa kucheza. Aliimeza!

Akaisuuza kidogo, akaitupia mkobani pamoja na zingine. Radhi hakumwomba mkwewe, na komwe yenyewe ni ipi hakuna aliyejua tena.

Shoga, komwe ndio hizi hizi. Zile tulizokuwa tunamung'unya utotoni, mie na wewe, tukijifanya tunakula pipi.