Mwanaidi Alikula Jikoni

Salma mjukuu wangu,

Huku Maskati sote wazima, na babu yako keshazowea miwani mipya. Ile kanda ya filamu ya zamani ya Denmark uliyotuletea nimeitazama. Unauliza kama na sisi tulikuwa na watumishi wa kulia jikoni.

Unguja tulikuwa na Mwanaidi. Alinilea, na nilipoolewa ndiye aliyenifunda na kunipaka hina. Siku ya karamu wageni walikula ukumbini, yeye akala jikoni. Nilimwona kupitia mlangoni. Kwenye filamu yako bibi harusi anainuka, anakwenda kula na mtumishi wake. Mimi nilibaki nimekaa.

Hina yake ilidumu wiki tatu. Kila nikinyoosha mkono kula, nikiiona.

Bibi yako