Turubai Moja, Kampuni Mbili

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili nalala nalo na kuamka nalo na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi cherehani, nawashonea wanamieleka mavazi yao, mume wangu ni mwanamieleka wa kampuni moja na kaka yangu alikuwa wa kampuni ile nyingine, na kampuni hizo ni paka na panya, zinatukanana redioni, mashabiki wao wanarushiana chupa, na kwetu ndiyo usiseme, mume wangu na shemeji yake hawakai meza moja. Kwamba mapigano yenyewe hupangwa, nani aanguke na nani ainuliwe mkono, hilo sisi wa ndani tunalijua na tunawacheka wasiojua, lakini ugomvi wa kampuni na kampuni hakuna kati yetu aliyewahi kuutilia shaka.

Mwaka jana mume wangu aliruka kutoka juu ya nguzo ya ulingo, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, basi wakubwa wa kaka wakamwambia, "Utakubali watufunike?" Kaka akaleta ngazi, akapanda juu kuliko nguzo, akaruka, akatua kwa shingo. Tangu hapo amelala chumbani kwa mama, hasikii mikono wala miguu, mimi ndiye ninayemlisha, na kila nikimlisha ananiuliza, "Dada, lakini tuliwafunika, au siyo?" nami namjibu, "Mliwafunika, kaka."

Sasa juzi kampuni ya mume wangu imeniletea turubai la sakafu ya ulingo wao lililochanika, nikalikunjua, nikakuta kiraka changu mwenyewe, cha uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulikuwa umeniishia, kiraka nilichokishona kwenye turubai la kampuni ya kaka muda mfupi kabla hajaanguka. Nikamuuliza dereva aliyelileta, akacheka. "Dada, ulingo ni mmoja, bohari ni moja, na wakubwa wenyewe ni mtu na mdogo wake. Kumbe hukujua?"

Mshauri, mwisho wa mwezi mume wangu anatakiwa aruke kutoka kwenye ngazi ile ile, eti arudishe heshima ya kampuni. Nikimwambia ukweli hataruka, lakini mdomo wake hauna breki, kaka atasikia tu, na kaka hana kilichombakia duniani ila kule kuwafunika. Nikinyamaza, nitakuwa na wagonjwa wawili. Nifanye nini?

Fundi Niliyekwama

Fundi, pole. Pole sana, na uipokee yote sasa, maana nikianza kukugombeza sitairudia.

Unataka kujua kama kampuni hizo zinashindana? Hazishindani. Wanaoshindana ni mumeo na kaka yako, na wenye bohari wanakusanya viingilio milango yote miwili. Ninyi mnaoishi kwa kuigiza mmeigiziwa, mkaamini kuliko mtazamaji wa kiti cha nyuma. Inauma, najua. Lakini mwenzangu, umeshika turubai mkononi na bado unajiuliza useme au usiseme?

Kaka yako ameumia shingo, hakuumia akili. Unamlisha chakula na uongo kwa kijiko kimoja, halafu unauita huo upendo. Huo ni woga. Nao woga wako mwisho wa mwezi utapanda ngazi pamoja na mumeo.

Leo hii mwite mumeo chumba cha kushonea, mwonyeshe uzi wa kijani, mwambie haruki. Akifoka, mwache afoke. Kisha usimpe nafasi ya kutangaza mtaani: mshike mkono mpaka kwa mama, akae kando ya kitanda, na kaka asikie kutoka kinywani mwako. Barua yako naizuia isitoke gazetini mpaka uniambie umeshasema. Jibu hili nakutumia kwanza.

Wasomaji, fundi ameniruhusu. Mumewe hakuruka, na kampuni imemfukuza. Kaka alipoambiwa aliuliza, "Sasa mimi nilikuwa nashindana na nani?"

"Na mimi, shemeji," mume akamjibu, akachukua kijiko mkononi mwa mkewe. Fundi anasema kaka aligeuza uso ukutani, na siku ile hakula. Siku iliyofuata mume alirudi na kijiko, na kaka akafungua kinywa.